Silaha Zinazojiamulia: Zilijaribiwa Wapi, na kwa Vita Gani?

Usiku wa Februari 25, 1991, kombora la Scud lililorushwa kutoka Iraq liliangukia jengo walimolala askari wa Marekani mjini Dhahran, Saudi Arabia. Askari 28 walikufa. Mtambo wa Patriot uliopaswa kulinda eneo lile ulikuwa umewashwa, lakini haukurusha hata kombora moja. Rada iliiona Scud ikija, programu ikakokotoa mahali ambapo ingepaswa kuonekana mara ya pili, ikatazama hapo, isikute kitu. Ikahitimisha kwamba hakuna adui.

Uchunguzi ulionyesha kuwa kosa lilikuwa kwenye saa. Mtambo ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na moja ya kumi haiandikiki ikaisha katika hesabu ya kompyuta inayotumia sifuri na moja tu, kama vile theluthi isivyoandikika ikaisha kwa desimali. Programu ilikuwa ikikata mkia wa namba hiyo. Kipande kilichokatwa ni kidogo mno, lakini kosa lake lilikua kadiri mtambo ulivyoendelea kuwashwa. Mtambo wa Dhahran ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100 mfululizo, na kwa muda huo saa yake ilikuwa imepotoka kwa sekunde 0.34. Scud hukimbia zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde. Programu ilikuwa ikiitafuta zaidi ya nusu kilomita kando ya pale ilipokuwa.

Kisa hiki hufundishwa vyuoni kama somo la hesabu za kompyuta. Somo zito zaidi liko kwingine. Patriot iliundwa kwa ajili ya vita vya Ulaya dhidi ya ndege za Kisovieti, ikitarajiwa kuhamahama ili isigunduliwe, na kuwashwa kwa saa chache kila mara. Katika vita hivyo vya kufikirika, kosa la saa lisingepata nafasi ya kukua. Ghuba ilikuwa na vita vingine: mtambo umekaa mahali pamoja siku nenda rudi, na shabaha ni kombora lenye kasi kubwa kuliko ndege yoyote. Dalili zilikuwapo. Februari 11 Waisraeli, ambao nao walitumia mtambo huo, walitoa takwimu zinazoonyesha kuwa baada ya saa nane tu eneo ambalo rada huitafutia shabaha lilikuwa limesogea kwa asilimia 20. Februari 16 programu iliyorekebishwa ilikuwa tayari. Februari 21 vikosi vilitumiwa ujumbe wa tahadhari kuhusu kuwasha mtambo kwa “muda mrefu sana”, bila kuambiwa ni saa ngapi. Programu mpya ilifika Dhahran Februari 26, siku moja baada ya mauaji. Kuuzima mtambo na kuuwasha upya kungerudisha saa kwenye sifuri, lakini hakuna aliyewaambia askari hivyo.

Mjadala wa leo kuhusu silaha zinazojiamulia umetawaliwa na hofu ya roboti walioasi. Mwezi Mei 2023 kanali mmoja wa Jeshi la Anga la Marekani, Tucker Hamilton, alieleza katika mkutano wa London kwamba droni katika jaribio la kuigiza ilimgeukia mwongozaji wake kwa sababu alikuwa akiizuia kupata alama. Habari ilizunguka dunia nzima. Siku chache baadaye kanali akafafanua kuwa alijieleza vibaya: hakuna jaribio lililofanyika, lilikuwa wazo la kujadiliwa tu. Ufafanuzi haukusafiri mbali kama habari yenyewe. Ukipitia matukio halisi ya miaka arobaini, hukuti mashine iliyoasi. Unakuta mashine iliyotii ilichoandikiwa, katika hali ambayo aliyeiandikia hakuiwaza wala aliyeijaribu hakuijaribia. Swali la maana kuhusu silaha ya namna hii ni mipaka ambamo ilijaribiwa, na nani anazuia isitumike nje ya hapo. Kiasi cha akili iliyonayo ni suala la pili.

Silaha zenye uwezo wa kujiamulia si jambo la jana. Mzinga wa Phalanx, unaofungwa kwenye manowari ili kutungua makombora yanayokuja karibu na maji, umekuwa kazini tangu 1980. Ukiwekwa katika hali ya kujiendesha, wenyewe hutafuta, huchagua na kufyatua, maana kombora linapotokea kwenye upeo wa macho, sekunde zilizobaki hazimtoshi mtu kufikiri. Harpy ya Israel huruka ikizunguka juu ya eneo, ikingoja rada ya adui iwashwe, kisha huifuata na kujilipua. Uamuzi wa silaha hizi ni finyu: huyu anatoa mawimbi ya rada ya aina hii, yule anakuja kwa kasi hii kutoka upande huu. Ufinyu huo ndio umezifanya zivumilike kwa muda mrefu, kwa kuwa mjaribuji alijua nini cha kupima.

Hata hivyo ufinyu haukutosha kuzuia maafa. Juni 1996, katika mazoezi ya pamoja kwenye Bahari ya Pasifiki, manowari ya Kijapani Yugiri ilikuwa ikijaribu Phalanx yake dhidi ya shabaha iliyovutwa kwa kamba na ndege ya Marekani aina ya A-6. Mzinga ukaifuata ndege badala ya shabaha, ukaitungua. Wanajeshi wawili waliokuwamo waliruka wakapona. Oktoba 2007 barani mwetu, katika uwanja wa mafunzo wa Lohatlha nchini Afrika Kusini, mzinga wa kutungua ndege uliokuwa na mfumo wa kompyuta ulianza kufyatua bila kudhibitika ukiwa umeelekea kwa askari wa kikosi chake wenyewe. Askari 9 walikufa na 14 walijeruhiwa. Magazeti yalikimbilia kusema ni “roboti muuaji”. Uchunguzi wa jeshi ulitaja hitilafu ya kimitambo ambayo haikuwa imegunduliwa. Kwangu jibu hilo halipunguzi uzito wa tukio, kwa sababu programu haiishi hewani. Huendesha vyuma, mota na nyaya vinavyochakaa, na silaha hujaribiwa kama kitu kimoja au haikujaribiwa.

Kwa nini basi asiwekwe mtu katikati, aidhinishe kila risasi? Jibu hilo huja haraka, na historia ya Patriot yenyewe inalitilia shaka. Mnamo Machi 2003, mwanzoni mwa vita vya Iraq, ndege ya Uingereza aina ya Tornado ilikuwa ikirejea kituoni Kuwait. Kifaa chake cha kujitambulisha kama rafiki hakikuwa kikifanya kazi. Programu ya Patriot ikaitafsiri kuwa kombora la kushambulia rada, kwa sababu mkao na mwendo wake ulifanana na sifa ilizofundishwa. Askari waliokuwa zamu walikuwa na muda wa takriban dakika moja, mbele ya kioo kilichowaambia waziwazi kwamba wanashambuliwa. Walifyatua. Watu wawili waliokuwamo walikufa. Siku kumi baadaye Patriot nyingine ikatungua ndege ya Jeshi la Wanamaji la Marekani na kumuua rubani wake. Jopo la washauri wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani lilipochunguza, liliona kwamba mtambo uliendeshwa kwa kiasi kikubwa bila mtu, na kwamba askari walifunzwa kuiamini programu. Mtu alikuwapo katikati, lakini kazi yake ilikuwa kukubali.

Wanaotetea mashine nao wana kisa chao, na ni haki wasikilizwe. Julai 3, 1988, manowari ya Marekani Vincennes iliitungua ndege ya abiria ya Iran, safari namba 655, juu ya Ghuba. Watu 290 waliangamia. Mfumo wa rada na kompyuta wa manowari ile, uitwao Aegis, ulikuwa umerekodi sawasawa kwamba ndege inapanda. Mabaharia, wakiwa katikati ya mapambano na boti za Iran, wakamwambia nahodha kuwa inashuka kuelekea kwao. Kompyuta haikukosea, watu ndio waliokosea. Lakini hata hapo hukumu haiiendei mashine moja kwa moja. Taarifa sahihi iliyofichika ndani ya vioo na namba, isimfikie mwamuzi ikiwa na maana, haina tofauti kubwa na taarifa isiyokuwapo. Mjaribuji aliyepima uwezo wa Aegis kufuata ndege mamia alifanya nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kumpima baharia mwenye hofu, moshi na kelele, akiisoma.

Mpaka hapa tumezungumzia programu za kizamani, zilizoandikwa mstari kwa mstari na mtu. Kuhakiki programu za aina hiyo kuna utaratibu wake. Katika urubani, kanuni zijulikanazo kama DO-178C hudai kwamba kila mstari uwe na sababu ya kuwapo, sababu hiyo iwe imeandikwa, na kila njia ambayo uamuzi unaweza kupita iwe imepitiwa na jaribio. Ni kazi ya kuchosha, ya gharama, na imeokoa maisha mengi. Hata uhakiki wa namna hiyo hutobolewa na dunia. Februari 2007 ndege za F-22, wakati huo za kisasa kuliko zote Marekani, zilikuwa zikitoka Hawaii kwenda Japani kwa mara ya kwanza. Zilipovuka mstari wa tarehe wa kimataifa, kompyuta zake za kuongozea ziliporomoka. Marubani waligeuka wakarudi Hawaii wakifuata ndege za kujaza mafuta kama vifaranga. Miaka yote ya majaribio, hakuna aliyekuwa ameuvuka mstari ule.

Akili mnemba imevuruga hata utaratibu huo. Programu inayojifunza kutambua kifaru kwa kutazama picha laki kadhaa haina mistari ya kupitiwa mmoja mmoja. Ina mamilioni ya namba zilizojipanga zenyewe wakati wa mafunzo, na mhandisi aliyeifunza hawezi kukuonyesha kwa kidole ni ipi inayosema “huyu ni raia”. Kinachobaki ni kuipima kama unavyopima mwanafunzi: mpe maswali mengi, hesabu aliyopata. Na hapo hesabu inakuwa katili. Mwaka 2016 watafiti wa taasisi ya RAND walijiuliza gari linalojiendesha liende umbali gani ili tuwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba haliui watu kwa kiwango kinachozidi madereva wa Marekani. Jibu lilikuwa maili milioni 275, yaani kama kilomita milioni 440, bila kifo hata kimoja. Magari 100 yakienda usiku na mchana yangehitaji zaidi ya miaka 12. Na hiyo ni barabara, yenye alama, taa na sheria, ambako hakuna mtu anayelala macho usiku akibuni namna ya kulidanganya gari lako.

Vita haina kilomita hizo. Hakuna nchi inayoweza kupigana mara elfu kumi ili kukusanya takwimu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi imehamia kwenye kompyuta, katika vita vya kuigiza. Programu hurushwa angani mara mabilioni bila kuchoma tone la mafuta, ikifa na kufufuka, ikijifunza kila mara. Agosti 2020, wakala wa utafiti wa kijeshi wa Marekani, DARPA, ulishindanisha programu za timu nane katika mapambano ya ndege ya kuigiza. Mshindi, programu ya kampuni ya Heron Systems, akapambanishwa na rubani mzoefu wa F-16 aliyevaa miwani ya kompyuta. Programu ilishinda 5 kwa 0.

Matokeo hayo yaliwafanya wengi watangaze mwisho wa marubani. Walioangalia kwa makini waliona mambo mengine. Programu ilipewa taarifa kamili ya mahali alipo adui, kitu ambacho rada na macho ya vitani havitoi. Na ilipenda kushambulia uso kwa uso, ikifyatua wakati ndege mbili zinakimbiliana, mbinu ambayo kanuni za mazoezi huwakataza marubani kwa sababu ya hatari ya kugongana. Kwa programu, kugongana katika kompyuta kulikuwa na bei ya alama chache tu. Ilijifunza mchezo ilioandikiwa, na mchezo ule haukuwa vita.

Hatua iliyofuata, kwa maoni yangu, ndiyo mfano bora tulionao wa kazi hii kufanywa kwa adabu. DARPA na Jeshi la Anga walichukua F-16 iliyobadilishwa, iitwayo X-62A VISTA, ambayo kompyuta zake zinaweza kupewa programu ya majaribio huku rubani akibaki na uwezo wa kuinyang’anya usukani papo hapo. Kuanzia Desemba 2022 hadi Septemba 2023, kwenye kituo cha Edwards huko California, ndege hiyo iliruka mara 21 ikiongozwa na akili mnemba. Katika muda huo programu ilifanyiwa mabadiliko yanayozidi mistari 100,000. Mapambano ya kwanza dhidi ya F-16 yenye mtu yalifanyika Septemba 2023. Walianza na mikao ya kujihami, wakahamia ya kushambulia, mwishowe uso kwa uso, ndege mbili zikipishana kwa umbali wa takriban mita 610 zikiwa na kasi ya maili 1,200 kwa saa. Kanuni zile zile za usalama zinazomfunga rubani zilikuwa zimeifunga programu, na marubani wa usalama waliokuwa ndani hawakulazimika kuinyang’anya usukani wakati wa mapambano. Mei 2024 Waziri wa Jeshi la Anga wakati huo, Frank Kendall, aliketi humo mwenyewe.

Adabu ninayoisema iko katika utaratibu. Programu hubadilishwa leo, inapita kwenye uigizaji usiku, inakaguliwa, inaruka kesho, kinachoonekana angani kinarudishwa kwenye uigizaji. Pembeni yake kuna programu nyingine, ndogo, ya kizamani, inayohakikiwa mstari kwa mstari, ambayo kazi yake ni moja: kuitazama ile kubwa na kuizuia isivuke mipaka ya urefu, kasi na ukaribu. Huhitaji kuielewa akili mnemba yote ikiwa unaweza kuijengea uzio ulioeleweka. Kwa usalama wa ndege, njia hii inafanya kazi vizuri. Ugumu ni kwamba uzio wa “usigonge ardhi” unaandikika kwa namba. Uzio wa “usimpige anayesalimu amri” hauandikiki hivyo, na hakuna maabara niijuayo iliyoonyesha namna ya kuuandika.

Kisha kuna adui, ambaye katika majaribio mengi huwa amesahauliwa. Paul Scharre, aliyekuwa askari wa Marekani na sasa mchambuzi wa masuala haya, ameeleza kuhusu roboti ya kijeshi iliyofunzwa kwa siku kadhaa kutambua watu kwa kuwatazama askari wa Marine wakitembea. Siku ya mwisho askari wanane waliambiwa wajaribu kuifikia bila kugunduliwa. Wawili walijifingirisha kwa pindu mita 300. Wengine wawili walijificha chini ya boksi la karatasi wakawa wanacheka njia nzima. Mmoja alijifunika matawi akatembea kama mti. Wote wanane waliifikia. Roboti ilikuwa imefunzwa kuona watu wanaotembea, na hawa hawakuwa wakitembea. Mwaka 2017 watafiti wa chuo cha MIT walichapa sanamu ya kobe ambayo karibu kila upande ilipogeuzwa, programu ya kutambua picha iliiita bunduki. Kobe yule alitengenezwa kwa hesabu, na anayeweza kufanya hivyo kwa kobe anaweza kulifanya gari la wagonjwa lionekane kifaru, au kifaru kionekane basi la shule. Jaribio lisilo na mtu anayelipwa kudanganya mfumo ni maonyesho ya biashara.

Kuna wanaosema majaribio yote haya ni anasa ya wakati wa amani, na Ukraine ndiyo hoja yao. Huko mawimbi ya redio yanavurugwa kiasi kwamba droni inayotegemea mkono wa mtu hupoteza mawasiliano kabla ya kufika. Suluhisho limekuwa kuipa programu uwezo wa kushika shabaha na kumalizia mita za mwisho peke yake. Programu hubadilishwa kila mara kulingana na kilichotokea jana vitani. Julai 2025 Brave1, jukwaa la teknolojia za ulinzi la serikali ya Ukraine, lilitangaza mpango wa kuzikaribisha kampuni za nje zijaribu silaha zao kwenye mstari wa mbele. Siwezi kumlaumu anayepigania nchi yake kwa kutumia kinachopatikana, na ni kweli kwamba hakuna uigizaji unaoshinda vita vyenyewe kwa kufichua udhaifu. Lakini mstari wa mbele hupima kitu kimoja tu: je, silaha ilipiga? Ni mara chache hupima ilichokipiga kwa makosa, kwa kuwa ushahidi huteketea pamoja nayo. Kampuni inayorudi kutoka huko na nembo ya “imejaribiwa vitani” imejaribiwa katika vita vile, kwenye mashamba yaliyohamwa na mahandaki yanayojulikana. Haijajaribiwa sokoni.

Hilo linaturudisha kwenye swali la nani mwenye mamlaka ya kusema hapana. Marekani ina historia ya kuwa na mtu huyo. Mwaka 1983 Bunge lake liliunda ofisi huru ya kusimamia majaribio ya kivita, inayoripoti kwa waziri na kwa Bunge, si kwa wanaonunua silaha. Miaka miwili baadaye, Agosti 1985, Waziri wa Ulinzi Caspar Weinberger aliufuta mradi wa mzinga uliojulikana kama Sergeant York baada ya kutumia takriban dola bilioni 1.8, kwa sababu majaribio yalionyesha haukufaa. Katika maonyesho ya awali kompyuta yake ilikuwa imegeuza mitutu kuelekea jukwaa la wageni rasmi. Kufuta kulikuwa fedheha, na kulikuwa ushindi wa majaribio.

Mwenendo wa sasa unaelekea upande mwingine. Agosti 2023 Naibu Waziri wa Ulinzi Kathleen Hicks alitangaza mpango wa Replicator, wa kuweka vitani maelfu ya mitambo inayojiendesha ndani ya miezi 18 hadi 24. Mei 2025 Waziri Pete Hegseth aliamuru ofisi ile ya majaribio ipunguzwe watumishi kwa zaidi ya nusu. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuondoa urudufu na kuharakisha. Wakati programu zinakuwa ngumu zaidi kupima kuliko silaha yoyote iliyotangulia, wapimaji wamepunguzwa. Naliona kosa kubwa, na gharama yake haitalipwa Washington peke yake.

Kwenye karatasi, kanuni zipo. Maelekezo namba 3000.09 ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ya mwaka 2012 na kuhuishwa Januari 2023, yanadai silaha zinazojiamulia zihakikiwe kwa ukali na kujaribiwa katika hali halisi, zikiwa chini ya “viwango vinavyofaa” vya uamuzi wa binadamu. Neno “vinavyofaa” ni pana makusudi. Desemba 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lake la kwanza kuhusu silaha hizi kwa kura 152 dhidi ya 4, Urusi na India zikiwa miongoni mwa waliopinga. Katibu Mkuu António Guterres alitaka mkataba wenye nguvu ya sheria ufikiwe ifikapo 2026. Vikao vya Geneva vya kujadili silaha hizi, vinavyokwenda kwa maridhiano ya wote, vimekuwa vikitembea kwa mwendo ambao mpinzani mmoja anautaka. Kenya imekuwamo kwenye mjadala kuliko wengi wanavyojua: ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoandaa kwa pamoja mkutano wa Seoul wa Septemba 2024 kuhusu matumizi ya akili mnemba jeshini.

Kwetu hili si jambo la watu wa mbali. Droni zenye silaha zimepiga Ethiopia, Sudan na Somalia, nyingi zikiwa zimenunuliwa kutoka nje ya bara. Zile zinazojulikana zaidi bado huongozwa na mtu aliye mbali. Lakini mtambo ukishanunuliwa, uwezo wa kujiamulia unaweza kuongezwa kwa programu mpya, bila meli kutia nanga wala kreti kufunguliwa. Sasisho la usiku mmoja linaweza kubadilisha silaha iliyoidhinishwa kuwa silaha nyingine kabisa, yenye umbo lile lile. Na picha zilizoifunza programu hiyo huenda zilipigwa jangwani au kwenye theluji. Mfugaji mwenye fimbo begani, pikipiki iliyopakia watu watatu, lori la mkaa lenye turubai usiku: iwapo vitu hivi havikuwamo katika mafunzo, mashine haitasema haijui. Itachagua jibu lililo karibu zaidi katika yale iliyo nayo.

Sheria ya kudai majibu tunayo tayari. Itifaki ya Kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva, ambayo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ni wanachama wake, inasema katika kifungu cha 36 kwamba nchi inayotengeneza au kununua silaha mpya ina wajibu wa kuchunguza kama matumizi yake yatavunja sheria. Mnunuzi ametajwa sawa na mtengenezaji. Kwa hiyo kamati zetu za bunge za ulinzi zisiridhike na bei, umbali wa kuruka na picha za maonyesho. Zidai rekodi za majaribio: yalifanyika wapi, katika hali ya hewa gani, dhidi ya nani, na mtambo ulishindwa mara ngapi. Zidai ionyeshwe kwa maandishi ni hali zipi ambazo muuzaji mwenyewe hakuzijaribu. Zidai kwamba kila sasisho la programu lihesabiwe kuwa silaha mpya na lichunguzwe upya kabla halijawashwa. Muuzaji akikataa kwa kisingizio cha siri ya biashara, asiuziwe imani: mkataba usisainiwe.